Unga Juu ya Kompyuta

Baba yangu, Bertalan, alikuwa karani wa zamu ya usiku
katika karakana ya tramu, Miskolc,
ambako kipupwe kikikaza kufuli huganda
na funguo hupashwa moto kwapani.
Alikuwa na kompyuta tatu za ofisi
na saa nne za kukodolea ukuta macho,
tangu tramu ya mwisho irudi kutoka Diósgyőr
hadi ya kwanza itoke.
Akaziingiza kazini bila kumwuliza mtu.

Kazi yenyewe, alinieleza, ni ya kupepeta.
Liko sikio kubwa la chuma, mbali huko, limetegwa angani.
Linasikia kila kitu, kwa hiyo halisikii kitu.
Makelele yake hukatwa vipande,
kila kipande kikatumwa kwa mtu asiyejulikana,
mwalimu, mhunzi, mtoto wa shule, karani wa tramu,
na mashine yake ikapepeta usiku kucha,
pumba, pumba, pumba,
kisha ikarudisha ungo mtupu na kuomba mwingine.

"Na punje ikipatikana?"
"Itajulikana tu. Makelele hayana mwandiko."

Mwezi wa pili meneja, bwana Szabolcs, akamwita,
bili ya umeme mkononi.
Unamtafuta nani, Bertalan, kwa pesa za tramu?
Baba akavua kofia.
(Alitusimulia haya mezani, anacheka,
lakini masikio yake yalikuwa mekundu.)
"Simtafuti mtu, bwana. Nimekaa tu karibu na mlango,
isije ikawa kuna anayebisha hodi mara moja tu,
nasi tumelala,
akaenda zake."

Alikatwa mshahara wa wiki mbili.
Akauziwa, kwa bei ya chuma chakavu, kompyuta mojawapo,
ile yenye feni inayokohoa.

Aliiweka jikoni, hapakuwa na pengine.
Mama, Ibolya, hakusema neno siku tatu.
Ya nne aliyasema yote:
kwamba jirani wa ghorofa ya tatu ana miaka kumi na mmoja hapa
na hatujawahi kumwitikia salamu;
huyo wa nyota ataitikiwa na nani?

Lakini Januari ile mabomba ya joto yalikuwa vuguvugu
na unga wa mkate ukakataa kuumuka.
Mama alipapasa jiko zima akitafuta penye joto, kama paka,
akalitua bakuli juu ya kompyuta.
Baada ya saa moja unga ulikuwa umeinua kitambaa.
Tangu hapo hakuna aliyetaja bili.

Vipande elfu moja. Mikate, sijui mingapi.
Baba alichapisha cheti, akakitundika kando ya picha ya bibi,
aliyekufa akingoja barua kutoka vitani.

Usiku mmoja, mmoja tu, mstari ulipanda ghafla kwenye kioo,
mwembamba kama sindano.
Baba aliniamsha. Tulisimama miguu mitupu juu ya vigae,
hatukusemezana.
Kumbe ilikuwa setilaiti, ya sisi sisi watu,
inapita na hamsini zake.
"Afadhali," alisema. "Angalau sikio si kiziwi."

Sasa kazi imesimamishwa. Vipande vimekwisha kugawiwa;
wenye sikio wamejifungia na majibu ya miaka yote ile.
Baba alilisoma tangazo amesimama, kama mtu asomaye telegramu.
Mama akauliza: "Na unga wangu je?"

Ndiyo maana ingali inawaka.
Haihesabu kitu. Inakohoa tu,
na kila Jumamosi inabeba bakuli lenye kitambaa cha buluu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuwasalimu.
Mama alinipa mkate, wa moto hata nikaushika kwa mikono ya sweta,
niupeleke ghorofa ya tatu.
Nilibisha mlango. Nikangoja.
Ndani televisheni ilikuwa inapiga kelele,
kisha ikazimwa.